Ree ya Kopa Iliyochelewa

Shemeji wa fundi cherehani walimwita Profesa, na profesa wa nini hakuna aliyejua. Alikuwa na kitabu kimoja cha briji, ule mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, kimevalishwa plastiki, hata mgongo haujakunjika. Miaka sita alikuwa nahodha wa timu, na miaka hiyo sita fundi huyo, mke wa mdogo wake, aliwachemshia chai na kuwaandikia alama. Sasa mchezaji wa nne kahama mji, na fundi anakitaka kiti chake. Anakitaka kweli.

"Haya, fundi," Profesa akasema, akijinyoosha kitini, karata zimeshagawiwa. "Ukitimiza ahadi hii, kiti chako. Ukishindwa, rudi kwenye birika, tusisumbuane."

Ahadi yenyewe, aliyoinadi fundi, ilikuwa kula raundi tisa kati ya kumi na tatu, bila turufu. Mume wa fundi, mwenzake mezani, akalaza karata zake wazi ili fundi azicheze, na kunyamaza, ndivyo sheria inavyotaka. Mbele ya kaka yake, hata pasipo sheria angenyamaza.

Profesa akaanza na kopa. Karani wa ofisini kwake, aliyecheza upande wake, akala kwa mfalme, akarudisha kopa, Profesa akala kwa malkia. Ree ya kopa fundi alikuwa nayo, lakini mara zote mbili alitupa kadogo.

"Ree anaitunza ya harusi?" Profesa akauliza. Karani akacheka, maana likizo yake husainiwa na Profesa.

Fundi alikuwa anahesabu. Huyu bwege ana kopa tano, karani tatu. Raundi ya tatu ndipo akatoa ree, na karani akabaki hana kopa hata ya dawa. Kisha fundi akaielekeza uru kwa karani makusudi. Karani akala kwa mfalme, na kwa kuwa aliyekula ndiye anayeanza raundi inayofuata, akatafuta kopa ya kumpelekea bosi wake, akaikosa. Akacheza shupaza.

Hapo kwa fundi ikawa kula tu. Profesa alikumbatia kopa zake mbili, kubwa kuliko zote zilizobaki, akingoja mtu aziite kwa kuanza na kopa. Nani aziite? Mwishoni akazitupa, moja baada ya nyingine, chini ya karata za fundi. Raundi kumi kwa fundi.

"Umebahatisha," Profesa akasema. Halafu, kwa mazoea: "Chai iko wapi?"

"Jikoni, shemeji." Fundi alikuwa anachanganya karata. "Majani yako kwenye kopo la bluu. Mimi bila sukari."

Mumewe akakohoa kidogo.

"Mimi vijiko viwili, kaka."