Kiatu cha Kijani na cha Kijivu

Kazini walimwita Milimita, na jina hilo hakuwahi kulikataa. Alikuwa mpimaji katika ofisi ya hali ya hewa, mtu mfupi wa miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekwenda, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kusoma kipimamvua kilichowekwa juu ya mlima wa mawe nyuma ya mji. Nyumbani safari hiyo iliitwa "kwenda kusoma". Mkewe, fundi cherehani, alimfungia chakula, akamwambia, "Usome salama, Baba Mapacha." Yeye akajibu, "Ahsante." Basi.

Jumatatu moja alirudi amechelewa, amevaa soksi. Mkononi alikuwa na buti moja.

"Buti limekufa," alisema.

"Na hilo?"

"Hili liko hai, lakini ni la peke yake."

Mkewe aliziangalia soksi. "Soksi nazo zimekufa," akasema, akazitupa pamoja na buti lililokuwa hai. Hakuuliza zaidi. Alikuwa na magauni sita ya kumaliza, na mume wake alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa tu.

Jumamosi iliyofuata Milimita alipanda ngazi kwenda kwenye duka dogo lililokuwa ghorofani, juu ya duka la vitasa. Mwenye duka aliitwa Mama Kamba. Alikuwa ameongoza wapanda milima kwa miaka ishirini mpaka nyonga yake ilipokataa, na sasa aliwauzia vifaa watu ambao nyonga zao bado zilikuwa zinakubali.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza.

"Kazini."

"Kuna nini huko kazini?"

Milimita alieleza kwa utaratibu. Saa moja na nusu ya njia ya miguu, yenye changarawe inayoteleza. Halafu mwamba uliolala, mita sitini, na nusu yake ya juu imepigiliwa mnyororo wa kushikia. Halafu kipimamvua. Halafu kurudi.

"Na mpaka sasa ulikuwa unavaa nini?"

"Buti la kiwandani. Gramu mia nane na arobaini."

"Yote mawili?"

"La kulia. La kushoto sikuwahi kulipima, sasa halipo."

Mama Kamba alimtazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyepotea siku nyingi. Alimketisha, akamwambia kuwa viatu vya kupandia mwamba mtupu vinabana vidole mpaka huwezi kutembea navyo hata hadi dukani kununua sabuni. Viatu vya matembezi navyo ni laini mno, ukivisimamisha kwenye ukingo mwembamba vinajikunja. "Wewe unataka vya katikati. Vyepesi, soli ya mpira unaonata, mbele kwenye ncha pasiwe na meno, pawe bapa ili pashike jiwe. Na kamba zianzie karibu kabisa na vidole, uweze kukaza mbele wakati wa kupanda na kulegeza ukishafika."

Alimletea jozi mbili, akaziweka kwenye mizani ya jikoni. Ya kijani ilikuwa ya kitambaa, gramu mia tatu na kumi kila kiatu. Ya kijivu ilikuwa ya ngozi, ngumu zaidi chini, gramu mia tatu tisini na tano.

"Tofauti gramu themanini na tano," Milimita alisema, akaandika kwenye daftari.

"Yai moja na nusu," alisema Mama Kamba. "Kila hatua utabeba yai moja na nusu la ziada. Kazi yako ni kujua kama hilo yai na nusu linakusaidia."

Milimita alivaa ya kijani, akavua. Akavaa ya kijivu, akavua. Alipanda ubao wenye vijiwe vya bandia uliokuwa ukutani, akashuka, akapanda tena. Saa mbili zikapita. Mwishowe Mama Kamba alichukua kitambulisho chake, akampa kiatu cha kijani cha mguu wa kushoto na cha kijivu cha mguu wa kulia.

"Kaa navyo wiki mbili. Ndani ya nyumba tu. Ukivichafua, umenunua jozi zote mbili."

"Huogopi nitatoroka navyo?"

"Utatoroka na viatu hivyo uende wapi?"

Ndiyo maana siku zile wateja wa mkewe, walipoingia sebuleni kupimwa nguo, walimkuta mzee mmoja mtulivu anatembea kati ya cherehani na kabati, mguu mmoja kijani, mwingine kijivu. Karibu na mlango alikuwa ameweka tofali lililofungwa gazeti. Kila jioni alisimama kwenye ukingo wa tofali hilo kwa mguu mmoja, dakika mbili kamili kwa saa ya mkononi, halafu mguu wa pili, halafu akaandika.

"Mzee wako ana nini?" aliuliza mteja mmoja, akiwa na pini begani.

"Anachagua," alisema mkewe.

"Anachagua nini?"

"Bado hajasema. Inua mkono."

Siku ya nne alikuja dada yake Milimita, aliyekuwa mpokea wagonjwa katika zahanati, kuchukua sare yake iliyokuwa imepunguzwa kiuno. Alimkuta kaka yake juu ya tofali, ameelekea ukutani, amefumba macho.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nakisikiliza kidole gumba."

Dada alikunywa maji aliyopewa mpaka tone la mwisho, akaaga vizuri. Alipofika njiani tu alimpigia simu kaka yao mkubwa, kisha shangazi. Alikuwa ameona wagonjwa wengi mapokezi, alisema, na walianza hivyohivyo, taratibu.

Jumapili walikuja wote watatu. Shangazi alipewa kiti chenye mto. Kaka mkubwa, karani wa mahakama mstaafu, alikuja na karatasi iliyopigwa mistari.

"Tumekuja kwa heri," alisema.

"Karibuni," alisema Milimita.

"Unalala?"

"Nalala."

"Leo siku gani?"

"Jumapili. Mawingu kiasi, upepo wa mashariki."

Kaka mkubwa aliandika yote hayo. "Mbona umevaa viatu viwili?"

"Kila mtu huvaa viwili," alisema shangazi. "Muulize mbona havifanani."

Basi Milimita, kwa kuwa ameulizwa, akajibu. Aliwaeleza habari ya kijani na kijivu, ncha bapa, yai moja na nusu. Walimsikiliza kwa heshima. Kisha dada yake akauliza swali ambalo nyumba ile haikuwahi kuliuliza: kwa nini mtu anayesoma kipimo anahitaji viatu vya kushika jiwe?

"Kwa sababu buti halikushika," alisema Milimita. "Nilikuwa mita arobaini juu ya mwamba. Soli ya kushoto ikabanduka yote, ikaanguka. Niliisikia ikianguka. Ilichukua muda. Nikavua kilichobaki, nacho kikaniponyoka."

Kaka mkubwa aliandika neno "soli".

"Kulikuwa na mahali pa kukaa, kama nusu ya kiti hicho. Nikakaa saa mbili nimeshika mnyororo."

"Saa mbili za nini?" aliuliza kaka mkubwa, kalamu hewani.

"Mguu ulikuwa unatetemeka. Nilisubiri uache."

"Ukaacha?"

"Haukuacha. Nikashuka nao hivyohivyo, kwa soksi."

Huko kwenye kona mkasi ulikuwa ukikata kitambaa tangu wageni walipofika. Sasa ulinyamaza.

"Mwamba upi?" aliuliza mkewe.

"Wa kule kwenye kusoma."

"Kuna mwamba?"

"Upo."

"Miaka yote kumi na tisa?"

"Umekuwepo zaidi ya hapo," alisema Milimita, kisha akaona kuwa halikuwa jibu lililotakiwa.

Mkewe aliweka mkasi mezani, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole.

"Afadhali angepiga kelele," alisema shangazi.

Kaka mkubwa aliisoma karatasi yake juu hadi chini. "Hana ugonjwa," alitangaza. "Kikao kimefungwa." Wakanywa chai waliyojipikia wenyewe, wakaondoka kwa kunyata.

Kwa siku mbili mke alizungumza na mumewe mambo ya chumvi na funguo tu. Siku ya tatu, akiwa anatia uzi kwenye sindano, akasema bila kuinua kichwa:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeogopa kila mwezi."

"Basi ningeogopa. Huo ni woga wangu. Nani alikutuma unitunzie?"

Milimita aliweka daftari chini. Alitafuta aliyemtuma, hakumpata. "Hakuna," alisema. "Samahani, Mama Mapacha."

"Jumamosi tunakwenda wote huko dukani."

Dukani mkewe hakusalimiana na viatu. Alivigeuza tumbo nje, akavikunja, akapitisha ukucha kwenye mishono kama anavyokagua kazi ya fundi mwingine.

"Hiki cha kijani kimeshonwa kwa haraka. Uzi mmoja tu. Hapa vidole vinapojikunja pataachia kabla ya mwaka."

Mama Kamba aliegemea kaunta. "Endelea, dada."

"Cha kijivu kina mishono miwili, na hapa mbele wameongeza mpira. Lakini mmempa cha mguu wa kulia. Mguu wake wa kushoto ndio mrefu. Namshonea suruali tangu hajaota mvi, mguu wa kushoto kila kitu ni kirefu."

Milimita alipimwa nyayo. Kweli, wa kushoto ulizidi kwa milimita saba. Aliiandika, akaipigia mstari, kwa maana alikuwa amepima vitu vyote vya dunia hii isipokuwa hicho.

Mama Kamba alileta jozi ya kijivu iliyokuwa kubwa kwa nusu namba, akamwambia ashuke ubao ulioinamishwa, kwa sababu kiatu kifupi hujulikana wakati wa kushuka, si wa kupanda. "Kidole kinagonga mbele?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Usimuulize hivyo," alisema mkewe, "atakwambia. Mkazie kamba pale juu ya kifundo."

Kamba zikakazwa. Hakikugonga tena. Mkewe aliketi kwenye benchi, akavua kandambili zake, akanyoosha mguu.

"Na mimi," alisema.

Walikwenda Jumatatu ya kwanza, cherehani imefunikwa, wateja wameambiwa kesho. Kwenye changarawe mkewe alitembea mbele, haraka, kama mtu mwenye jambo la kumwambia mlima. Kwenye mwamba alisimama akautazama mpaka juu.

"Ncha ya kiatu, si katikati," alisema Milimita. "Kisigino kishushe. Mpira unataka uzito wako, ukiuogopa ndipo unateleza."

Alipanda nyuma yake, mkono mmoja tayari. Viatu vilishika. Walipofika mahali pale padogo, mkewe aliketi, akapanga sketi yake juu ya suruali, akatazama chini muda mrefu sana. Milimita alikaa kimya. Alijifunza kuwa kuna kimya cha kusubiri kuulizwa na kuna kimya kingine.

"Twende," alisema mkewe hatimaye.

Kipimamvua kilikuwa mtungi wa bati wenye kimo cha mtoto, umezungushiwa waya.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

Milimita alifungua, akachungulia, akaingiza kijiti, akakitoa. Ilikuwa kiangazi. "Sifuri," alisema, akaandika.

"Tumepanda yote hayo kuja kuandika sifuri?"

"Nisipoiandika, mwezi huu utakuwa haujulikani."

Mkewe aliinama akachungulia mwenyewe, kwa makini, kama anayetafuta sindano. Alikubali kuwa ni sifuri. Kushuka kuliwachukua saa nzima, naye Milimita alitangulia, akimshika kifundo na kumwekea mguu kila palipokuwa na pa kukanyaga.

Kesho yake asubuhi mkewe alimfuata ofisini, akasubiri mkuu wa kituo afike, akamweleza kuwa habari ya mtu kwenda kule peke yake imekwisha. Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, aliyehamishiwa hapo mwaka uliopita. Alifungua kabati, akatoa kitabu cha kanuni, akapekua.

"Mpimaji asipande peke yake," alisoma. "Kanuni hii ina miaka ishirini na mmoja." Alimtazama Milimita. "Nilidhani unaijua."

"Sikuulizwa," alisema Milimita.

Ofisi ilikuwa na watu watatu. Karani alikuwa mjamzito wa miezi saba. Mkuu alihesabu, akahesabu tena, akapata jibu lilelile. Alivuta pumzi, akainua mguu mmoja kutoka chini ya meza ili wauone.

"Hivi vitafaa?"

Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vyenye soli laini kama kioo. Milimita na mkewe waliinama wakavikagua pande zote. Kisha Milimita alichukua daftari, akauliza kama mkuu angekuwa na nafasi Jumamosi, na kama miguu yake miwili ilikuwa na urefu mmoja.