Gari Lisilo na Kiti cha Mama Mkwe

Kaimu hakuogopa simba wala mzungu. Aliogopa kumkaribia mama mkwe wake, na hofu hiyo haikuwa ujinga hata kidogo. Kwa watu wa huko, mkwe mwenye adabu haketi karibu na mama wa mkewe, hamtazami usoni, na wakiwa na neno la kuambiana hutafuta mtu wa kulipitishia. Mama mkwe huyo, Bi Mwanamvua wa Malolo, kwa kuwa watu hawapatikani kila saa, alimtumia kuku mweupe aliyetembea naye kikapuni.

"We kuku," husema, "mwambie mkwe chumvi imekwisha."

Kaimu naye humjibu kuku, na nyumba ikaenda vizuri.

Kisha mpango wa wazungu wa kulima karanga huko Nachingwea ukafa kifo cha aibu. Matrekta yakalala porini, wazungu wakaanza kufungasha, na Kaimu, dereva wa karakana yao, akarudi kwa mkewe Zuena mikono mitupu. Mjomba wa Zuena, Mzee Awadhi, mfanyabiashara wa Ruangwa, akamwita. Kauli juu ya mtoto wa dada ni ya mjomba, kwa hiyo Kaimu alisikiliza akiwa amechuchumaa.

"Wazungu wanaacha magari matatu, nami nataka moja. Yajaribu, uniambie lipi bora. Ukichagua vizuri utaliendesha wewe. Ukiniaibisha, rudi kwenu Nambambo, Zuena abaki kwa mama yake. Mume wa kushinda barazani simtaki."

"Nimesikia, Mjomba."

"Na dada yangu atayapanda yote. Nyie madereva mnasifu kila kinachokimbia. Mwanamvua tangu azaliwe hajasifu kitu."

Kaimu akatokwa na jasho.

Gari la kwanza lilikuwa kuukuu la vitani, lisilo na paa. Bi Mwanamvua alikaa nyuma kabisa, akiangalia walikotoka. Liliwarusha mpaka kijiji cha Mtua na kuwarusha kurudi. "We kuku, mwambie mkwe mgongo wangu na kiuno vimeachana." Lakini adabu ilikuwa kamili, na Kaimu akaridhika.

La pili lilikuwa jeusi, la milango minne, mali ya daktari mmoja mnene. Kiti cha nyuma kilikuwa kipana kama kitanda. Kwenye mwinuko likakohoa mpaka likapitwa na mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Bi Mwanamvua alilala akakoroma njia nzima, na kukoroma si mazungumzo, kwa hiyo hapakuwa na kosa.

La tatu, wee! Jipya, jekundu, la michezo, milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia panya. Mhandisi mmoja aliliagiza kwa meli kabla hajaiona barabara. Hili, Mzee Awadhi alisema, lipelekwe moja kwa moja sokoni Ruangwa, atalipokea mbele ya watu. Kaimu akafungua mlango. Viti viwili, bega kwa bega. Nyuma yavyo hakuna kiti, ni buti dogo tu.

Bi Mwanamvua akalizunguka. "We kuku, mwulize mkwe, mwenye gari hili hakuwa na wakwe?"

Walishauriana kupitia kuku asubuhi nzima. Mama akae juu ya boneti? Inaunguza. Kaimu aendeshe akiwa juu ya paa? Usukani haufikiki. Mwishowe Bi Mwanamvua akaingia kwenye buti, kifuniko wazi, mwavuli juu, miguu ikining'inia nje. Walipopita Mtua, wengine walivua kofia wakidhani ni msiba, wengine wakapiga vigelegele wakidhani ni harusi.

Na gari lenyewe lilikuwa tamu, usiseme. Kaimu alicheka peke yake, akaimba, akasahau karanga na masharti ya mjomba. Hakuwahi kushika usukani wa namna ile. Ndipo wakaingia kwenye mchanga, na lile tumbo la chini likatua.

Barabara ilikuwa tupu. Ilibidi Kaimu asukume, na mama mkwe ashike usukani.

"Kuku, mwambie Mama akanyage pale kulia, polepole."

Polepole ya Bi Mwanamvua ilikuwa ya mtu anayeua nge. Gari likachomoka likanguruma, likamwacha Kaimu kifudifudi, likaingia kwenye shamba la mihogo.

"Mama! Kanyaga katikati!" Kaimu alipiga kelele akikimbia. "Katikati, Mama!"

"Katikati wapi, Kaimu?"

Likazimika. Kaimu akafika akihema, akafungua mlango, na kwa mara ya kwanza wakatazamana uso kwa uso. Bi Mwanamvua akajifunika khanga. Kaimu akaona aibu iliyomfika kwenye mifupa, alijua amekwisha. Bi Mwanamvua akarudi kwenye buti, na safari ikaendelea.

Sokoni Ruangwa umati ulikuwa umejaa, na Zuena alikuwa katikati ya wanawake. Mzee Awadhi akalipapasa gari kama mwana aliyerudi. "Kizuri chajiuza! Haya mkwe, sema watu wasikie!"

Kaimu akaelewa kwamba mjomba alikwisha kuchagua zamani. Neno moja tu la sifa lingempa kazi na mke. Akamtazama Zuena, akataka kulia.

"Mjomba, sijaendesha gari tamu kama hili. Lakini halitufai. Halina pa kuweka gunia wala mzee, na mchanga linaukalia. Chukua lile la daktari."

Mzee Awadhi akavimba. "Kesho uende kwenu Nambambo!"

"Haendi," ilisema sauti kutoka kwenye buti. Bi Mwanamvua akateremka, akafunga mwavuli. "Kaka, gari lako limenitupa kwenye mihogo. Huyu ameitupa adabu yake barabarani akanikimbilia nisife. Wewe chukua gari unalolitaka. Mimi mkwe sibadilishi."

Kisha akamgeukia Kaimu, macho kwa macho, soko zima likishuhudia.

"Kaimu, twende nyumbani. Mihogo ya watu tumeivunja, kesho tukaipande."

Wanawake wakashika midomo. Zuena akacheka kwa sauti, na Kaimu, asiye na kazi wala gari, akamjibu mama mwenyewe, si kuku:

"Haya, Mama."