Kinya na Taa za Nyuma ya Kioo

Jumatatu, baada ya kukama, Kinya aliifunga televisheni ya baba yake kwa shuka, akaipakia kwenye bodaboda na kuipeleka kwa Suleiman, fundi wa sokoni Mikinduri. Picha ilikuwa imepauka. Tangu Mzee Kailemia apasuliwe mtoto wa jicho, alikuwa akilalamika kwamba usiku wa kwenye televisheni una rangi ya jivu, na kwamba refa akitoa kadi hajui mchezaji ameonywa au amefukuzwa.

Suleiman alibandua kioo, akang'oa mikanda ya taa za nyuma iliyochoka. Mahali pake alipanga taa ndogondogo za samawati, nyingi kama mtama kwenye ungo, akazigawanya katika vyumba. Juu yake akalaza karatasi ya nukta za kwanta, chembe ambazo jicho halizioni, zinazomeza samawati na kuitema ikiwa nyekundu safi au kijani safi.

"Zamani taa zote zilikuwa zinawaka tu, hata mahali hakuna cha kumulika," alisema. "Hii inazima chumba kisicho na kazi. Giza linakuwa giza kweli, na ule mwanga unaenda kwa wenzake. Mzee ataona mpaka ndevu za kipa."

Kinya alimlipa kwa mbuzi wake mmoja, ambaye alibaki dukani akionja nyaya.

Jioni hiyo Mzee Kailemia alicheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe azikwe. Kadi ilikuwa ya njano. Wakati huohuo Kinya aliingia na chai akiwa amefifia kuanzia shingoni hadi kwenye visigino. Vikombe vilionekana vizuri.

"Wekeni hapo," kaka yake Muthomi aliviambia vikombe.

Kufikia Jumatano Kinya alikuwa amefifia hata juani. Kivuli chake kilionekana kuliko yeye, na majirani wenye adabu walianza kukisalimia. Kwenye maombi ya kina mama, mweka hazina akikusanya michango aliruka kiti cha Kinya, tena bila ubaya wowote. Muthomi naye alikuwa ameongezeka mwanga. Shati lake jekundu liliwaka hivi kwamba alipokaa karibu na banda, kuku walikataa kulala.

Alhamisi Kinya alirudi kwa fundi.

"Nani huyo?" Suleiman aliuliza.

"Ni Kinya wa Kailemia."

"Ooh, karibu dada. Kaa, lakini usikalie redio ya watu, sijui umesimama wapi."

Alimsikiliza huku akipuliza vumbi kwenye kibao cha nyaya.

"Seti haina shida," alisema. "Inafuata macho ya wenye nyumba. Wanapoangalia, inawasha. Wasipoangalia, inazima, inapeleka mwanga kwingine. Ndiyo picha ikakuwa nzuri hivyo."

"Na dawa yake?"

"Mtu akuangalie. Si sana, kidogo tu, lakini awe anakuangalia wewe, si sahani. Baba yako ndiye mzuri. Ama nikuzimie hiyo kitu kabisa, mzee arudi kwa jivu."

Kinya alifikiria kile kicheko cha Jumatatu. "Wacha iwe," alisema. "Lakini Jumamosi wazee wanakuja kugawa shamba."

"Basi akuangalie kabla ya Jumamosi."

Alichotaka Kinya kilikuwa shamba la chini tu. Alipoacha kazi na kurudi nyumbani kumuuguza mama yao, pale palikuwa na mawe na lantana. Aliyatoa mawe kwa mikono, akapanda makadamia, na sasa yalikuwa yanazaa.

Ijumaa alisimama kando ya kiti cha mzee. "Baba, niangalie kidogo."

"Ngoja taarifa iishe, Kinya."

Taarifa iliisha, mpira ukaanza. Mpira ulipoisha, mzee alikuwa amelala na mdomo wazi.

Jumamosi wazee wa ukoo walikuja na kamba ya katani, pamoja na mpima ardhi na chombo chake. Mwiti, kitinda mimba, alikuwa Nairobi na hakuja, lakini walimwona vizuri sana, wakampa sehemu ya juu yenye miraa. Kisha wakateremka. Kinya alikuwa amesimama katikati ya makadamia yake tangu asubuhi.

"Hapa ni pangu," alisema.

"Tumesikia sauti," alisema mzee mmoja aliyeitwa Mbaka, mtu wa haki. Akawakumbusha wenzake kwamba siku hizi hata sheria inawatambua mabinti.

"Ni kweli, mzee wangu," Muthomi alisema. "Mko naye wapi, huyo binti?"

Wazee waliangalia huku na huku kwa moyo mmoja. Mpima ardhi aliangalia kwa chombo. Walikubaliana kwamba hayupo, shamba la chini likawa la Muthomi. Muthomi akaivuta kamba kutoka mpaka hadi mpaka, na alipofika aliposimama dada yake alimzunguka asimgonge. Mawe ya mpaka yalipandwa kabla ya saa sita. Chai ilisifiwa.

Jioni, kwenye matangazo, Mzee Kailemia aligeuza shingo. Aliangalia mahali vikombe vilipokuwa vinakusanywa, akaendelea kuangalia. Kinya alianza kuwaka kutoka chini: gambuti zenye udongo, leso, mikono, mwishowe uso.

"Umeota mvi," mzee alisema.

"Za kitambo, Baba."

"Si ungeniambia, mwanangu."

"Nilikuambia jana."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Mkono wake ulinyanyuka, ukashika ncha ya leso. "Mawe yameshapandwa," alisema.

"Najua. Niliyapikia chai."

Alimwangalia bado, na macho yake mapya yakajaa maji. Nyuma yake mpira ulikuwa umerudi kwenye televisheni, na kwa kuwa mwanga ulikuwa umehamia kwa Kinya, uwanja ulianza kuingia jivu.

"Mzee, hebu angalia huku," Muthomi alisema. "Picha inaharibika."

Mzee Kailemia akaiachia leso. Aligeuka polepole, na picha ikakaa sawa.