Habari Iliyorudishwa kwa Nyuki

Siku ya Jumapili, tarehe 18 Agosti mwaka 1839, Jenerali Joakin wa nyumba ya Otaerreka alishuka mlimani juu ya nyumbu, mguu wake wa kushoto umefungwa vitambaa, siku kumi na moja baada ya sisi kumwombea misa ya wafu.

Mama yake, bibi Mari Anton, alikuwa uani akipukuchua maharage. Hakupiga ukelele. Aliweka ungo chini, akamshika mwanawe masikio yote mawili, akamtazama mpaka akaridhika, kisha akamuuliza kwa nini amekonda. Joakin alieleza kwamba risasi ilimwangusha mtoni, kwamba mchunga kondoo mmoja alimwopoa na kumficha, na kwamba waliomwona akizama ndio waliotangaza kifo chake. Alipotaka kuingia ndani, mama yake aliweka mkono mlangoni.

“Ngoja kwanza,” alisema. “Nyuki wameshaambiwa umekufa.”

Aliyewaambia ni mimi, Bernarda wa Goienetxe. Nyumba yangu ndiyo jirani wa kwanza wa Otaerreka, na mwenye nyumba akifariki, ni wajibu wa jirani wa kwanza kwenda kwenye mizinga, kuigonga kwa upole, na kuwaomba nyuki watengeneze nta zaidi, kwa kuwa marehemu atahitaji mwanga kanisani. Nyuki wasioambiwa huhama, au hufa. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa heshima zote na kuifunika mizinga kitambaa cheusi. Lakini tangu babu zetu, hakuna aliyewahi kurudi kwa nyuki kufuta habari ya msiba. Padri alipoulizwa alijibu kwamba kitabu chake kina sala ya mvua, ya uchungu wa uzazi na ya ng'ombe mgonjwa, ila hiyo hamna.

Basi bibi Mari Anton akatoa hukumu yake. Kinywa kilichopeleka habari ndicho kiirudishe, na marehemu aende mwenyewe ili sauti yake isikike. Kabla ya hapo hataingia ndani, maana kwa nyuki yeye bado ni maiti, na mauti yasiyofutwa humtafuta mwenyewe. Hivyo jenerali aliyeamuru watu elfu tatu alikula mkate wa mahindi na jibini juu ya jiwe la mlangoni, na askari wawili waliomsindikiza wakatazama mawingu ili wasicheke.

Nilitoka shambani nilipoitwa.

“Dada Bernarda,” aliniambia, “nasikia umenizika.”

“Nilifuata utaratibu, kaka. Nawe ungeufuata wako, tusingesumbuka hivi.”

Alicheka mpaka akaushika mguu wake. Tulikua pamoja, tukiiba matofaa ya mti mmoja.

Mimi sikucheka kwa moyo wote. Katika miaka sita ya vita hivi, ambamo watu wetu walipigania haki ya Don Karlos ya kutawazwa mfalme na sheria zetu za kale dhidi ya jeshi la Malkia, nilimpoteza Xanti, mwanangu wa kwanza. Aliyebaki, Praxku, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa juu mlimani na kikosi cha Joakin. Uvumi ulikuwa umetufikia kwamba majenerali wengine wamekwisha kuanza mazungumzo ya amani, na kwamba kesho yake Joakin angepaswa kuwajibu. Akikubali, vijana wangerudi makwao. Akikataa, angewaongoza mpakani wakipigana hatua kwa hatua, na Praxku angekuwa miongoni mwao. Tangu asubuhi nilikuwa nikijikanya nisimwombe lolote. Jirani aliyeitwa kwa kazi ya msiba hageuzi kazi hiyo kuwa maombi yake.

Tulizunguka nyuma ya nyumba, yeye akijikongoja kwa fimbo. Niliondoa kitambaa cheusi, nikagonga mzinga mmoja baada ya mwingine, nikawaambia nyuki kwamba nilikosea kwa kudanganywa, kwamba Joakin ni mzima, na kwamba naomba radhi. Naye akainama.

“Ni mimi, Joakin,” alisema. “Nimerudi. Msameheni dada, hana kosa.”

Nyuki waliendelea na shughuli zao. Tulisimama pale tusijue kama tumemaliza, kwa maana hakuna aliyejua jambo hilo huishia wapi. Mbele ya nyuki hakuna anayethubutu kugombana wala kusema uongo. Nadhani ndiyo sababu swali lilinitoka.

“Praxku atarudi?”

“Sijui, dada.”

“Wewe ndiye mkubwa wao. Usipojua wewe, nani ajue?”

“Nimewaapia. Nikiweka silaha chini, wataniita msaliti. Hata Praxku wako ataniita hivyo.”

“Na akuite,” nilisema. “Ili mtu akutukane, lazima awe hai.”

Niliona aibu kwa kuwa nilikuwa nimeomba, nikakikunja kile kitambaa mara nyingi kuliko kilivyohitaji.

Alasiri ilibaki kazi moja. Kanisani, kila nyumba ina mahali pake sakafuni, juu ya makaburi ya zamani, na hapo mwanamke wa nyumba hupiga magoti na kuwasha uzi mrefu wa nta uliozungushwa kwenye kibao, kwa ajili ya wafu wake. Wanaume hukaa ghorofani, hivyo tangu utoto Joakin alikuwa ameviona vichwa vyetu tu na shela zetu nyeusi. Bibi Mari Anton alitaka mwanawe auzime mwanga wake mwenyewe. Wanawake walisogea, na jenerali akapiga magoti kati yetu kwa shida kubwa, mguu ukiwa umenyooshwa pembeni.

Aliuzima. Halafu, badala ya kuinuka, aliinua macho akaona sakafu nzima ikiwaka. Akaninong'oneza akiuliza ule wa mbele ni wa nyumba gani. Nikamwambia ni Iturriotz, wawili. Ule wa pembeni ni Sagarmendi, baba na mwana. Aliuliza mwingine, na mwingine. Sikuongeza neno juu ya majina, nayo majina yale aliyajua, kwa kuwa wote walimfuata yeye.

“Na huu wako?”

“Xanti.”

“Aliimba vibaya sana,” alisema polepole. “Tulikuwa tunamlipa jibini anyamaze.”

Nilicheka kanisani, Mungu anisamehe, na machozi yakanitoka wakati huohuo. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mwanangu aliimba vitani. Joakin alikiweka sawa kibao changu ili nta isinidondokee mikononi, akabaki amepiga magoti hadi sala ilipokwisha. Ilibidi wanawake wawili wamwinue.

Usiku huo alilala kitandani mwake, na alfajiri aliondoka bila kuniaga. Siku zikapita. Nilikata nyasi, nilikamua, nilioka mkate wa watu wawili na kula peke yangu.

Jumatatu, tarehe 2 Septemba, Praxku aliingia uani bila bunduki. Alikuwa mchafu, mwenye hasira, na mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Kabla hajaketi alianza kumlaani Joakin. Alisema jenerali alisimama mbele yao akiegemea fimbo, hakutaja vikosi wala vyeo, bali aliita nyumba moja moja, akimwamuru kila kijana aende kwao akamsaidie mama yake. Baadhi yao walimtemea mate, naye hakujifuta mpaka alipoimaliza orodha.

“Msaliti yule, mama,” alisema, mdomo umejaa maharage. “Nakwambia ni msaliti.”

“Sawa, mwanangu. Kula.”

Alimtukana jenerali mpaka sahani ya tatu, kisha akalala palepale, shavu mezani. Nilimvua viatu. Kidole kimoja kilikuwa na jeraha, nikaliosha kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, asije akaamka.

Wewe uliyesoma hadi hapa, usikae na habari hii peke yako. Msomee mama mwingine ambaye mtoto wake bado yuko vitani, na kama hajui kusoma, mwombe naye amsimulie jirani yake wa kwanza.