Mkono wa Kwenye Birika

Baada ya chakula cha mchana mke wa mwalimu wa sanaa alisugua birika kwa jivu mpaka likang'aa, akalipangusa, akaliweka mezani mbele yake. Nyuma yake mwalimu alikuwa amejilaza kwenye kochi, mdomo wazi, akikoroma kwa raha ya mtu ambaye hajachora chochote tangu alipooa. Picha zote zilizompa sifa mjini zilichorwa na mkewe, kati ya kuosha vyombo na kuanua nguo. Kazi ya mwalimu ilikuwa kutia saini, na saini yenyewe ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake.

Safari hii mke alikuwa amepiga moyo konde. Mashindano ya uchoraji yalikuwa yamekaribia, naye alitaka picha isiyoibika. Akachukua penseli, akajichora kama alivyojiona ubavuni mwa birika: mkono wenye penseli mkubwa kama sinia, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, meza imepinda, na kule nyuma kabisa mume kwenye kochi, mdogo kama kunde, mdomo wazi.

"Haya, na hii atie saini tumwone," alijisemea.

Asubuhi mkono wake wa kulia ulikuwa umekua, ukawa kama sinia. Haukuuma. Alifumua mshono wa gauni ili uweze kupita, akaenda kupika chai. Mama mkwe aliutazama huku akipuliza kikombe chake.

"Sasa huna kisingizio cha kuniletea ndoo nusu," alisema.

Mwalimu aliutupia jicho tu, maana alikuwa akitafuta kalamu. Alipoipata, akatia saini kwenye kona ya picha, chini ya kochi alilolalia mwenyewe.

"Mwalimu, anayechora hapo ni mimi," mkewe alisema. "Wewe umelala. Watu wataona."

"Wataona watakachoambiwa."

Siku ya mashindano mke aliketi safu ya mbele, mkono ukakalia kiti cha pili. Mwenyekiti wa majaji, mama mmoja mwenye miwani minene, aliitazama picha, akautazama mkono, ukucha kwa ukucha, hadi kovu la moto kwenye kidole gumba. Kisha akavitazama vidole vya mwalimu, laini, havina hata doa. Mke akasimama.

"Mimi ndiye niliyechora."

"Tunakuona, mama. Na mkono tunauona," alisema mwenyekiti, akawageukia watu. "Ndugu zangu, msanii huyu amejichora akiwa usingizini, penseli akamwachia mkewe. Unyenyekevu ulioje! Na mke naye akaotesha mkono ili picha ya mumewe isiwe ya uongo. Wake kama hawa wamebaki wachache."

Wakapiga makofi. Mke aliwachukia wote, kuanzia majaji mpaka bawabu wa mlangoni. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawajawahi kuingia kwenye ukumbi ule. Zawadi ilikuwa kombe kubwa la shaba, na aliyelibeba hadi nyumbani ni yeye, maana ndiye aliyekuwa na mkono.

Mama mkwe aliagiza kombe lisuguliwe pamoja na birika. Likasuguliwa. Mwalimu akaja na karatasi mpya.

"Wanataka nyingine kama ile."

Mke akaishika penseli. Ikampotelea vidoleni kama kijiti cha meno, ikadondoka. Akaiokota, ikadondoka tena.

"Basi, yamekwisha," alisema, na furaha yake hakuificha. "Mkono huu hauchori tena. Chora mwenyewe."

Mwalimu hakugombana. Alitoka uani, akarudi na mpini wa jembe, penseli imefungwa kwenye ncha yake kwa kamba ya mpira, akamwekea mkewe kiganjani. Ulimkaa barabara.

"Si unaona?" mama mkwe alisema. "Kila jambo lina dawa yake."

Mke akainama mbele ya kombe. Ndani ya shaba aliuona mkono wake, meza, dirisha, na mama mkwe akipuliza chai. Mume hakuwamo. Alikuwa amelivuta kochi nyuma ya mlango, na kutoka huko alikuwa ameshaanza kukoroma.