Nyuma ya Tangazo la Tairi

…na ule ukurasa ni wake, hapana, magazeti ya zamani yapo mengi duniani, lakini lile doa la chai pembeni alilimwaga yeye, Lubumbashi, alipokuwa bado mwalimu wa historia na watu wakimwita profesa, na leo Vénérand amekaa kwenye kiti cha saluni mtaani Umbilo, ugenini, shuka shingoni, saluni ambayo hajawahi kuingia ila leo kinyozi wake kafunga, na ukutani, ndani ya fremu, mwanamke wa Paris wa miaka mia iliyopita anatangaza tairi za baiskeli… si magazeti yake yalilowa? Élisabeth mkewe ndiye aliyempa habari, bomba limepasuka, sanduku zima limeoza, nimetupa, pole papa, naye Vénérand akamlilia mapajani kama aliyefiwa, akabembelezwa… Glody, kinyozi wa hapa, anasema kitu kuhusu robot, zile taa za kuongozea magari, iliyoharibika barabarani, ndiyo, ndiyo… magazeti ya wauza baiskeli, nusu habari nusu matangazo, na kitabu alichokuwa akikiandika kilisimama juu ya hoja hiyo, kwamba mwandishi aliisifu tairi upande huu na mwenye tairi akalipia tangazo upande wa pili, karatasi ileile, wasomaji wakauzwa bila kujua, na ushahidi upo nyuma ya ukurasa, na nyuma ya huu pamepakwa gundi, makunyanzi yake yanaonekana…

“Hii picha mulitoa wapi?”

“Ni Mama Élisabeth wa kule flat za juu alituletea, Papa. Iko zingine ndani. Alikata yeye mwenyewe.”

Alikata mwenyewe, basi hakukuwa na bomba, kulikuwa na mkasi, huenda alichoka, ndiyo, alichoka na mume anayeandika habari za Wafaransa waliokufa huku akilinda magari ya watu, lakini si angesema, angeyachoma jikoni kwa hasira, wangegombana, angemsamehe, ila kingo zile zimenyooka, hakuna mahali mkono ulipotetemeka, alipima kwa rula, akakata taratibu, labda akiimba, kisha akaja kumfuta machozi… na ajabu, magazeti hayamuumi tena, kinachomuuma ni ile pole, jinsi ilivyokuwa tamu, na pole zote za kabla yake, za vita, za safari, za mtoto waliyemzika njiani, sasa ataamini ipi… Glody anauliza kama apunguze na ndevu. Vénérand anamwambia apunguze.