Chupa za Kurudi

Kiwandani walimwita Kijiko, maana kazi yake ilikuwa kuchota ukungu. Chupa za sosi zilizoharibika madukani zilirudishwa kwa lori, zikafunguliwa, yeye akatoa ule uchafu wa kijani juu juu, na kilichobaki kikamwagwa kwenye pipa la kuchemshia pamoja na mapapai yaliyovunda na rangi nyekundu ya unga. Nyanya ilikuwa kwenye lebo tu. Uvundo ulimganda Kijiko hadi kwenye nywele; hata akitoka kuoga, ananuka.

Wakubwa walikuja kutembelea viwanda vya wazawa. Walihutubu juu ya kupenda vya kwetu, wakapiga picha, wakapewa katoni zao za sosi, wakaenda. Haya hawana. Kijiko alitamani kuwatapikia viatu, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainamia ndoo yake.

Mwisho wa mwaka wafanyakazi nao walipewa katoni moja moja. Hakuna aliyethubutu kuila. Wenyewe walikuwa na desturi yao ya kucheka chini chini: mpelekee usiyempenda. Mwenye nyumba mkorofi, wifi mwenye mdomo. Kijiko alimpelekea mama mkwe wake, aliyezoea kusema kwamba maji ya kuoshea vyombo yana ladha kuliko mchuzi wa mkamwana.

Baadaye msichana wa kazi aliyemlelea Kijiko mwanawe aliacha kazi, na mtoto akawa anashinda kwa bibi yake, huyo huyo mama mkwe. Haikuchukua muda akaanza kuharisha, dawa zisisaidie. Siku moja Kijiko aliomba ruhusa, akamfuata mapema. Alimkuta mkekani na sahani ya wali mwekundu, kidevu kimetapakaa sosi. Akamnyang'anya sahani.

"Una nini wewe?" mama mkwe aliuliza. "Hali mpaka nimtilie hiyo. Mimi mwenyewe sijaionja, nimemwekea yeye. Nilisema, angalau safari hii mke wa mwanangu amenikumbuka."

Chupa zilizobaki zilikuwa zimepangwa kabatini, zimefutwa vumbi. Kijiko angeweza kudanganya kwamba zimepitwa na muda. Lakini ulimi ulikataa.

"Imeoza, mama. Ilioza kabla sijakuletea. Naijua, naipika mimi."

Mama mkwe aliitazama chupa, akamtazama mjukuu wake.

"Ulijua," alisema taratibu, "ukaniletea mimi."

Kijiko hakuwa na pa kuyaweka macho. Mtoto, ambaye bado alikuwa na njaa, alikuwa akilamba vidole.